Fikra Nzito Hazifukuzwi kwa Kuambiwa "Usiwaze"

Ukimwambia jirani wa mtaa wa Kasungami, Lubumbashi, kwamba moyo umekuwa mzito, usingizi umekimbia, chakula hakina ladha na hata vicheko vya watoto wako vinakuchosha, jibu utakalopewa kwanza ni lilelile: usiwaze sana. Linatolewa kwa upendo, na anayelitoa huenda amekuletea sahani ya bukari na sombe mkononi. Lakini ni ushauri usiotekelezeka. Aliyezama katika sonona hawazi kwa kupenda, na akijilazimisha asiwaze, wazo alilolifukuza linarudi usiku na wenzake. Ipo tiba ambayo haimwambii mgonjwa aache kuwaza. Inamtoa kitandani kwanza, kisha inamfundisha kuziangalia fikra zake moja moja na kuziuliza maswali.

Kwa Kiswahili tunaiita tiba ya fikra na tabia. Ukienda hospitali ya Lubumbashi, wahudumu wataielewa zaidi kwa ufupisho wake wa Kifaransa, TCC. Zishike herufi hizo tatu, zitakufaa mlangoni. Aliyeiasisi kama tiba ya sonona ni Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, Marekani, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100. Katika miaka ya 1960 Beck alianza kusikiliza kitu ambacho wenzake walikuwa wanakipita: sentensi fupi fupi zinazopita kichwani mwa mgonjwa bila kualikwa, kama vile "nimeshindwa", "hakuna anayenitaka" na "kesho itakuwa vilevile". Aliona sentensi hizo zinahusu mambo matatu tu, yaani mtu mwenyewe, dunia inayomzunguka, na siku zijazo. Aliona pia kwamba mgonjwa anaziamini kama anavyoamini kuwa jua limechomoza. Hazihoji hata mara moja.

Kabla hatujaingia ndani, tutenge majonzi na sonona. Mtu aliyetoka kwenye kilio cha mama yake analia, anakosa hamu ya kula, lakini shangazi akikumbusha kichekesho cha marehemu, naye anacheka. Sonona haimpi mtu nafasi hiyo. Madaktari huanza kuifikiria pale huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, inapokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikiambatana na mambo mengine: usingizi kuharibika, uchovu usioelezeka, kula kidogo mno au kupita kiasi, kujilaumu, akili kukataa kushika jambo, kutamani kufa. Kwetu mara nyingi huingia kwa mlango wa mwili. Mtu analalamika kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, anapimwa malaria mara ya tatu. Vipimo hivyo si vya bure, kwa sababu upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na maradhi mengine yanaweza kumlegeza mtu vivyo hivyo, kwa hiyo pimwa. Lakini kama vipimo vyote viko sawa na wewe bado unaburuta miguu, mwambie muuguzi kuhusu moyo pia, usiishie kwenye mgongo. Na mama aliyejifungua karibuni asiambiwe tu kwamba ni uchovu wa mtoto. Sonona ya baada ya kujifungua ni ya kawaida kuliko tunavyokiri.

Je, tiba iliyozaliwa Philadelphia inaweza kumfaa mtu wa huku? Swali hilo lilijibiwa katika nchi hii hii ya Kongo. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini Kivu, ukiongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na shirika la International Rescue Committee. Wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono waligawanywa kwa vijiji. Katika vijiji vingine, wanawake 157 walipata tiba ya aina hii, kikao kimoja cha mtu peke yake na vikao 11 vya kikundi. Katika vijiji vilivyobaki, 248 walipata msaada wa mshauri wa kawaida. Miezi sita baada ya tiba kwisha, waliokuwa bado na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa wa sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika vikundi vya tiba, na asilimia 42 upande wa pili.

Kinachonivutia zaidi katika utafiti huo ni namna ulivyofanyika. Waliotoa tiba walikuwa wasaidizi Wakongo waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu, bila udaktari. Washiriki wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yakarahisishwa ili yashikwe kwa kichwa. Na usalama wa vijiji vile haukuwa umerudi. Hakuna aliyewaambia wale wanawake kwamba yaliyowapata ni madogo, au wayatazame kwa upande mzuri. Upande mzuri haukuwepo. Walichofundishwa ni kulitenganisha tukio na hukumu waliyojipa juu yake: "ni kosa langu", "mimi sina thamani tena". Tukio lilibaki kuwa kweli. Hukumu ndiyo iliyopimwa.

Hapo ndipo watu wengi wanapoielewa vibaya tiba hii, na ndiyo maana nitalirudia jambo hili mbele. Lakini kazi haianzii kwenye fikra. Kwa mtu mwenye sonona nzito, kumwambia achunguze mawazo yake siku ya kwanza ni kumtesa, kwa sababu akili yenyewe imechoka. Kazi inaanzia kwenye siku yake, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Sonona ina mzunguko wake. Unakosa hamu, unaacha kufanya. Ukiacha kufanya, hakuna kinachokupa hata punje ya furaha au fahari. Hamu inazidi kupungua, unaacha na kile kilichobaki. Wengi wetu tunasubiri hamu irudi ndipo tuinuke, na ugonjwa huu unaishi kwa kusubiri huko. Tiba inageuza mpangilio: fanya kwanza, hamu itafuata nyuma. Ni kama taksi ambayo betri yake imekufa. Dereva hakai ndani akingoja iwake. Watu wanashuka, wanaisukuma, na injini inashika ikiwa tayari inatembea.

Anza hivi. Chukua daftari la shule na biki. Kwa siku chache usibadili chochote, andika tu ulichofanya kila saa, hata kama ni "nimelala, naangalia bati". Pembeni weka alama mbili kati ya 0 na 10: ya kwanza ni kiasi gani ulifurahia, ya pili ni kiasi gani ulihisi umeweza jambo. Usidharau alama ya pili. Kuosha sufuria hakufurahishi mtu, lakini sufuria safi inaweza kupata 3 ya "nimeweza" siku ambayo vingine vyote vina 0. Baada ya siku hizo utaanza kuona ni saa zipi zinakuzamisha na zipi zinakunyanyua kidogo. Kwa wengi, saa mbaya ni asubuhi, na saa mbaya zaidi ni ile ya kubaki kitandani baada ya kuamka.

Kisha panga kesho, ukichagua kazi mbili au tatu ndogo kiasi cha kuona aibu kuziandika. Usiandike "kusafisha lupango". Andika "kufagia kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, saa moja asubuhi". Usiandike "kurudi kanisani". Andika "kumsalimia mama wa jirani ukutani, dakika tano". Kabla ya kufanya, kadiria utapata alama ngapi. Baada ya kufanya, andika ulizopata. Hili ni zoezi dogo lenye siri kubwa. Akili yenye sonona hutabiri sifuri karibu kila mara, na mara nyingi matokeo huwa 2 au 3. Hutarukaruka kwa furaha kwa sababu ya 2, lakini utakuwa umeikamata akili yako ikikadiria vibaya, kwa mkono wako mwenyewe, bila mtu kukuhubiria. Ukishindwa kufanya, kata kazi nusu. Fagia mbele ya mlango tu. Baridi ya Juni na Julai ya Lubumbashi inashawishi mtu abaki chini ya blanketi, basi peleka kazi yako ya kwanza saa ambayo jua limefika ukutani, ukae pale, kisha uanze.

Sasa tuje kwenye fikra. Tuseme kuna mama anayeuza makala, yaani makaa, kando ya barabara. Biashara imeyumba, amekosa kulipa zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, na kwa wiki kadhaa anazunguka njia ya nyuma asikutane na wenzake. Anazungumza na dada wa kituo cha afya aliyefunzwa tiba hii. Mazungumzo yao yanaweza kwenda hivi.

"Mama, umesema walicheka ulipopita. Walicheka nini?"

"Mimi, yaya. Deni langu."

"Ulisikia wakitaja deni?"

"Sikusikia. Lakini waliniangalia, halafu wakacheka."

"Zamani, ulipokuwa ukikaa nao pale, mlikuwa mnacheka nini?"

Mama ananyamaza, kisha anatabasamu bila kutaka. "Mambo ya waume zetu."

Angalia dada huyu alichokifanya na alichokiacha. Hakusema "hawakukucheka", maana hakuwepo. Hakumwambia mama ajiamini. Aliuliza tu alichokiona, alichokisikia, na ni maelezo gani mengine yanaweza kufaa. Kisha wanapanga jaribio. Mama atakwenda kwenye mkutano unaofuata wa likelemba, ataketi karibu na msimamizi, atamwambia kwamba amechelewa na anaomba kulipa kidogo kidogo. Kabla ya kwenda anaandika utabiri wake: "Watanifukuza mbele ya watu, naamini kwa asilimia 90." Baada ya hapo anaandika kilichotokea. Inawezekana mmoja atasema neno la kuudhi. Inawezekana pia mwingine atasema na yeye amechelewa. Vyovyote vile, mama atakuwa na habari kutoka kwenye mkutano wenyewe, badala ya kuitunga akiwa njia ya nyuma.

Kwa kazi ya kila siku daftari lina safu chache: kilichotokea, nilichojiambia, moyo uliumia kwa kiasi gani kati ya 0 na 100, ni nini kinaunga mkono nilichojiambia, ni nini kinakipinga, na sentensi mpya ninayoweza kuisema bila kujidanganya. Halafu unapima moyo tena. Ukishuka kutoka 85 hadi 60, zoezi limefanya kazi. Anayekuahidi kushuka hadi sifuri hajui anachokiuza.

Kama hujui kuandika, au mnaishi wengi chumba kimoja na daftari litasomwa na kila mtu, tumia vidole vya mkono. Dole gumba: nini kilitokea. Cha pili: nilijiambia nini. Cha tatu: moyo ulifanyaje. Cha nne: nina ushahidi gani, kwa pande zote mbili. Cha mwisho: nifanye nini sasa. Unaweza kulifanya ukiwa kwenye foleni ya maji na hakuna atakayejua.

Hapa msomaji wangu mkaidi, ninayempenda kuliko wote, atanikatiza. "Wewe mwandishi, fikra zangu si za uongo. Sina kazi kweli. Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule kweli. Mwenye nyumba amekuja mara mbili. Utaniambia niwaze vizuri?"

Hapana. Na mtu yeyote anayetumia jina la tiba hii kukuambia uwaze vizuri, muage kwa heshima.

Chukua mfano wa muzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi. Mwaka 2003 na 2004 kampuni hiyo iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa "départs volontaires", kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Hiari yenyewe wazee huitaja kwa kucheka upande mmoja wa mdomo, maana mishahara ya miezi mingi ilikuwa haijalipwa na fedha waliyopewa iliisha mapema. Tuseme muzee wetu anakaa kibarazani na kujiambia: "Sina mshahara. Mwanaume asiyeleta unga nyumbani si kitu." Sentensi ya kwanza ni kweli, na tiba haiigusi. Haitamwambia kwamba fedha si muhimu. Ya pili ni hukumu, tena imevaa nguo za ukweli na kukaa karibu na ukweli ili isiulizwe kitambulisho. Hiyo ndiyo ya kushughulikia. Je, baba yake alipozeeka akaacha kuleta unga, alikuwa si kitu? Wanaogombania mpaka wa lupango huja kumwita nani? Mjukuu akishindwa hesabu humfuata nani? Jibu lake la mwisho huenda likawa: "Sina mshahara na inaniuma. Nyumba hii bado inanihitaji kwa mambo ambayo hayalipwi." Sentensi hiyo haina sukari. Lakini mtu anaweza kuinuka nayo.

Na ile sehemu iliyo kweli, yaani unga na ada na kodi, inapelekwa njia nyingine: inageuzwa tatizo la kutatuliwa. Kutoka Lubumbashi hadi Harare ni mipaka miwili tu, na huko, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza kina bibi wa mtaa wa Mbare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Kazi yao kubwa ni kumsaidia mtu kutaja shida zake zote, kuchagua moja, kuorodhesha njia za kuikabili, kuchukua hatua moja, na kurudi kueleza ilikwendaje. Njia hiyo ilipojaribiwa katika zahanati 24 kwa watu 573, na matokeo kuchapishwa mwaka 2016, waliokaa na kina bibi walikuwa na nafuu kubwa zaidi miezi sita baadaye kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mtoto aliyerudishwa kutoka shule asibaki kuwa wazo la saa nane za usiku. Awe kazi ya Jumanne: kwenda kwa mkuu wa shule, kuomba kulipa kwa awamu, ukiwa umeandika kiasi utakachoweza.

Saa nane za usiku zina ushauri wake. Tenga muda wa kuwaza, dakika 20 hivi jioni kabla giza halijaingia, ukae mahali pamoja, si kitandani. Wazo likija usiku, liambie saa yake ni kesho, uliandike neno moja ukiweza, kisha rudisha akili kwenye pumzi. Kama umegeuka geuka hadi umechoka, inuka, kaa kwenye kiti, rudi kitandani usingizi ukija. Amka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Na usitafute usingizi kwenye chupa. Lutuku humlaza mtu haraka, humwamsha kabla ya alfajiri, na kesho yake moyo unakuwa mzito kuliko jana. Najua ni vigumu kumwambia hivyo mtu ambaye lutuku ndiyo saa moja tu ya raha aliyonayo, lakini hakuna zoezi lolote la hapa litakalofanya kazi juu ya ulevi wa kila siku.

Nani atakupa tiba hii? Lubumbashi ina chuo kikuu, UNILU, chenye kitivo cha saikolojia, ina kliniki za chuo hicho, hospitali ya Jason Sendwe, na kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain cha Mabruda wa Karitasi. Ukifika, uliza wazi: je, kuna anayefanya TCC? Kwa kawaida tiba kamili huchukua vikao 12 hadi 20, kimoja kwa wiki, karibu saa moja kila kimoja. Nauli ya kutoka Kasungami kila wiki si mchezo, basi liseme hilo mapema. Omba vikao vya mfululizo mwanzoni, kisha vya kila baada ya wiki mbili, na kazi nyingi ya nyumbani katikati. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa vikao vitano tu, uliojaribiwa Nairobi na wahudumu wa afya wa mitaani, na uliwafaa wanawake wenye msongo mkubwa. Kwa hiyo vikao vichache vilivyofanywa vizuri si hasara.

Utamjuaje anayeifanya vizuri? Atakueleza mpango kabla ya kikao cha pili kwisha. Atauliza kuliko kuhubiri. Atakupa kazi ya kwenda nayo nyumbani, na ukirudi ataiulizia kabla ya jambo jingine. Kila baada ya muda atapima dalili zako kwa maswali yaleyale ili muone kama mnasonga. Akiongea yeye muda wote, au kila wiki mkaanza upya kana kwamba hamjawahi kuonana, tafuta mwingine.

Usipopata mtaalamu, mazoezi haya unaweza kuyaanza na mtu mmoja unayemwamini. Ushauri wangu: asiwe mume wala mke. Mwenzi yumo ndani ya mambo yenyewe, na daftari litageuka kesi. Dada, rafiki wa kwaya, au jirani mwenye mdomo mzito atafaa zaidi. Zungumzeni mkitembea, maana ndani ya lupango kila ukuta una sikio. Kazi ya mwenzi ni nyingine na si ndogo: kukuinua asubuhi bila kukuita mvivu, kutoka nawe hadi barabarani na kurudi, kuwashika watoto ili ufanye kile ulichoandika.

Wengi watapitia kwa mchungaji kabla ya kituo cha afya, na sioni sababu ya kuwagombanisha. Sala, kwaya na kina mama wa kanisa wanaweza kuingia katika daftari kama shughuli zinazokupa alama. Ninachopinga ni mambo mawili. La kwanza ni kumfungisha chakula mtu ambaye tayari hali, au kumwambia aache dawa ili aonyeshe imani. La pili ni chumba cha maombi kinachotafuta mwenye bulozi na kumwelekezea kidole bibi au mtoto. Sheria ya Kongo ya kulinda watoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Hata kama isingekuwepo, mgonjwa aliyepewa adui ndani ya nyumba yake amepewa sababu nyingine ya kutolala.

Kuhusu dawa, watu huuliza ipi ni bora, vidonge au mazungumzo. Kwa sonona nyepesi, anza na mazungumzo na mazoezi. Kwa iliyo kali, viwili pamoja hufanya vizuri zaidi kuliko kimoja. Vidonge huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na visiachwe ghafla kwa sababu tu umejisikia nafuu. Mazungumzo yana faida yake, kwamba ulichojifunza kinabaki nawe vikao vikiisha.

Lakini kuna hali ambazo daftari si mahali pake. Mtu anayezungumzia kufa, anayegawa vitu vyake, anayesikia sauti wengine wasizozisikia, aliyeacha kula na kunywa, au ambaye kabla ya huzuni hii alikuwa na siku nyingi za kutolala, kusema haraka na kutumia fedha ovyo, apelekwe hospitali, tena leo. Ukimshuku mtu, muulize kwa jina lake: "Yaya, umefikiria kujiua?" Swali hilo halipandi wazo kichwani. Mara nyingi humpa mtu nafasi ya kulitua. Asiachwe peke yake, na dawa za wadudu, kamba na vidonge viondolewe nyumbani.

Kwa aliyepata nafuu, imebaki kazi moja kabla ya kufunga daftari. Sonona ina tabia ya kurudi, na mara nyingi hurudi kwa njia ileile iliyopita mwanzo. Ukurasa wa mwisho andika dalili zako za mapema, zako mwenyewe, si za kitabuni. Kwa yule mama wa makala inaweza kuwa kuzunguka njia ya nyuma. Kwa muzee, kuacha kunyoa ndevu. Chini yake andika mambo mawili yaliyokusaidia zaidi na jina la mtu utakayemwambia. Mpe mtu huyo nakala, na ruhusa ya kukuuliza akikuona umeanza kupotea. Dalili zikirejea, rudia kazi ndogo za asubuhi siku hiyohiyo, na ukiona siku chache zimepita bila kubadilika, rudi kwa yule yule aliyekutibu, bila kungoja zitimie wiki mbili.